Mto umefurika masika, kisima kimekauka mwezi wa nane: niunyooshe mto?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mi nalima mahindi na nyanya kidogo Kilosa, shamba linapakana na mto Mkondoa. Masika mto umenibebea kama ekari moja na nusu, nikajipa moyo kwamba angalau kisima kitajaa, sasa mwezi wa nane huu kimekauka na nyanya zimekufa. Jamaa mwenye eskaveta anataka milioni 3 aunyooshe mto pale kwenye kona ili maji yapite haraka. Nikope?

JIBU: Pole sana kaka. Usikope hiyo hela.

Kila kiangazi naletewa swali hili, na panaponiumiza ni hapo uliposema kisima kitajaa. Mvua ya kishindo haijazi ardhi jamani! Udongo una spidi yake ya kunywa maji, mfinyanzi unakunywa milimita 5 kwa saa au pungufu, tifutifu 10 mpaka 20. Sasa ikishuka milimita 60 ndani ya saa mbili kwenye udongo unaokunywa 10 kwa saa, zimeingia 20 tu, zile 40 zinatembea. Milimita moja kwenye ekari moja ni lita elfu nne na kidogo, kwa hiyo kila ekari ya kilimani iliyobaki uchi imekushushia lita laki moja na elfu sitini, afu ongeza yanayokuja na mto Kinyasungwe, unaoingia Mkondoa kutoka Dodoma, ndo maana mto unaweza kufurika siku ambayo kwako halijadondoka hata tone.

Kuna asubuhi nilichimba kwa jembe kwenye shamba la mzee mmoja, usiku wake mvua ilikuwa kubwa sana, juu tope linavuta buti, lakini nimeshuka kiganja kimoja tu nakuta udongo mkavu wa kupeperuka. Mzee alichota ule udongo mkononi akabaki anauangalia. Maji uliyotakiwa kuyachota wewe mwezi wa nane ndo hayo hayo yaliyopita mwezi wa nne na mahindi yako, mbolea ya kupandia na ule udongo mweusi wa juu, na huo udongo hata ukinunua mbegu nzuri namna gani msimu ujao gunia zitapungua tu.

Sasa eskaveta. Kona ndo breki ya mto. Ukiikata, mto unashuka kimo kile kile kwa umbali mfupi, maji yanapata mbio, yanakwangua kitako cha mto, na kitako kikishuka maji yaliyo chini ya shamba lako nayo yanavujia mtoni, yani kisima kitakauka mapema kuliko mwaka huu, kingo zitamong'onyoka na jirani wa chini yako atabeba mafuriko yote. Halafu kuchepusha mto bila kibali cha bodi ya maji ya bonde ni kosa, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ya mto ndani ya mita 60 toka ukingoni. Jamaa hakukwambia hilo, eti?

Hizo mita 60 ziache zishike magugu tembo na miti. Juu ya hapo piga matuta ya kontua, yani yanayokata mteremko kwa usawa, usichome mabua, yatandaze. Peke yako hutoshi, kaeni na wenye mashamba ya juu, wao ndo wanaokutumia maji.

Na wengine mnaosoma, Kilombero huko, Mbarali, kote: mafuriko yakipita tu wanafuata hawa watu. Mmoja anauza kunyoosha mto, mwingine anatembea na vijiti viwili anakuonyesha maji yalipo kwa laki tano, anachimba, hakuna kitu, simu haipokelewi. Nimekuta familia imeuza ng'ombe wawili kulipia shimo kavu. Mtu akikupa bei kabla hajapanda kuangalia kilima kilicho juu ya shamba lako, mrudishe alikotoka.