Hela ya mafuriko isiishie wiki ya kwanza

Swali la wiki hii linauliza ndugu zetu walio ughaibuni wasaidieje maafa yanapoikumba Afrika. Jibu langu natoa kutoka Kilwa: tumeni fedha, msitume nguo, na fedha zenyewe msizimalize kwa mkupuo mmoja.

Mapema Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga na Mikereng'ende. Hali ikiwa hivyo, robota la makoti halifiki. Fedha za simu zinafika, ila nazo hukwama kwa wakala: kijiji kizima kikitumiwa siku moja, noti zinamwishia kabla ya adhuhuri, na umeme ukikatika simu zinazima. Sudan walionja hayo. Tangu vita vya Aprili 2023, Wasudani wa nje wamekuwa wakitegemeza majiko ya mitaa, yanayolisha watu bure, kwa miamala ya simu. Mtandao ulipozimwa Februari 2024, majiko mengi yakafungwa. Kwa hiyo tumieni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja awe mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji, wanunue kwa jumla kwenye duka la upande wa maji unaofikika.

Hesabu ya chakula ni hii: mtu mmoja kwa siku gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Kaya ya watu 5 kwa wiki mbili inataka kilo 28 za nafaka, kilo 4.2 za maharage na mafuta yasiyotimia lita 2. Mchele utangulie unga. Unga ukilowa unashika mabonge, unaota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupika ugali. Ongezeni ndoo yenye kifuniko na vidonge vya klorini: cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kisha viwekwe viwili.

Lakini njaa yenyewe huja nyuma ya maji. Mafuriko ya Mei yanakuta mahindi na mpunga bado shambani, na hela ya korosho haionekani kabla ya Oktoba. Katikati hapo picha zimeshaacha kuzunguka WhatsApp, na ndipo mkulima anapouza korosho zikiwa bado maua, kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayezinunua kwa bei ya kutupa, ili watoto wale leo. Inaniuma sana, kwa sababu mafuriko yanamchukulia msimu mmoja na deni linamchukulia wa pili. Asiye na hela ya kumlipa mpulizaji wa dawa ya mikorosho, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, unamaliza maua yake.

Basi theluthi moja ya mchango itoke wiki ya kwanza. Theluthi mbili zibaki benki hadi Juni, zitoke kila mwezi mpaka Septemba kwa chakula na upuliziaji, zikibakizwa za mbegu za Novemba. Majina ya kaya na kiasi walichopata yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na picha ya ubao huo, pamoja na risiti za duka, irudi kwa waliochanga kabla hawajaombwa awamu inayofuata.