Beaune hadi Santenay kwa baiskeli

Ndugu yangu, umeuliza wapi Ufaransa mtu aendeshe baiskeli kati ya mashamba ya mizabibu bila kusukumwa na malori. Nenda eneo la Burgundy. Anzia mji wa Beaune, ushike njia iitwayo Voie des Vignes mpaka Santenay, kama kilomita 22. Utapita Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet, mizabibu kushoto na kulia, kuta za mawe, na vijiji vilivyotulia kabisa. Usikubali kuvutwa na barabara ya D974 iliyo karibu. Ni fupi zaidi, lakini magari yake yatakunyima raha yote uliyoifuata.

Kuna vilima vidogo vidogo, hivyo gia nyepesi zitakufaa. Septemba ni mavuno: wapishe matrekta, hayo ni mashamba ya watu na wako kazini. Beba maji na mkate tangu Beaune, kwani maduka ya vijijini hufungwa mchana, na Jumapili ndiyo usitegemee kitu. Ukionja mvinyo, onja kidogo sana. Sheria ya ulevi barabarani inamhusu mwendesha baiskeli pia.

Ukifika Santenay na miguu bado inataka, fuata mfereji uitwao Canal du Centre kuelekea mji wa Chalon-sur-Saône. Huko ni tambarare.