Kompyuta niliyoiunga mwenyewe: niendelee kuifanyia kazi?

SWALI: Shikamoo fundi. Miaka minne iliyopita nilinunua vipuri kimoja kimoja nikaunga kompyuta: prosesa ya Intel, kadi ya picha ya AMD RX 580, memori ya GB 32. Nikaiwekea macOS, mfumo endeshi wa kompyuta za Mac, ingawa Apple hawaruhusu. Nahariri video na mashine hii ndiyo inayonilisha. Sasa niko kwenye toleo lake liitwalo Sonoma. Inakwenda vizuri, ila kila tangazo la sasisho jipya likitokea moyo unaruka. Wenzangu wanasema niitupe. Nifanyeje?
Mhariri asiyelala

JIBU: Marahaba. Usiitupe. Ila kabla hujafungua mradi mwingine wowote, zima usasishaji wa moja kwa moja, kisha urudi tuongee.

Umezima? Haya. Nami nimeishi na mashine ya namna hiyo miaka sita, kwa hiyo sikucheki. Usiku mmoja nilikuwa na kazi ya kukabidhi saa tatu asubuhi, na saa nne usiku, kwa kiherehere changu, nikabonyeza "sasisha". Mashine ikawaka, nembo ikatokea, ule mstari chini yake ukafika nusu ukagota. Nikazima, nikawasha, ukagota palepale. Alfajiri ndipo nilipong'amua: OpenCore yangu ilikuwa ya zamani. OpenCore ni programu ya kuwashia, ndiyo inayoidanganya macOS kwamba imo ndani ya Mac halisi. Mfumo ukibadilika na yenyewe ikabaki ilivyokuwa, mfumo hauamini tena. Kwanza husasishwa OpenCore na keksti zake (viendeshi vya vipuri), mfumo hufuata. Mimi nilianza na mkia. Kazi nilimalizia kwenye laptopu ya kuazima, na nilichelewa.

Kwa hiyo tengeneza flashi yenye nakala ya folda ya EFI, ile yenye OpenCore, inayowasha mashine yako leo, na uiwashe kwa flashi hiyo japo mara moja. Flashi ambayo haijajaribiwa ni pambo la droo. Kisha ongeza diski ya pili, sakinisha macOS humo, na toleo jipya ulijaribie huko huku diski ya kazi ukiwa hujaigusa. Faili za wateja zikae nje kabisa ya mashine.

Hukuniuliza, lakini angalia matundu ya USB. macOS hukubali 15 tu kwa kila kidhibiti cha USB, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa mara mbili, kwa sababu ndani yake mna njia ya USB 2 pia. Madabodi nyingi (ubao mkuu unaobeba vipuri vyote) huvuka hesabu hiyo. Matokeo yake unachomeka diski ya nje, inanakili kwa mwendo wa kobe, ilhali kipanya ukikichomeka hapohapo hakina tatizo. Wiki mbili nzima nilimlaumu aliyeniuzia diski, maskini.

Upande wa sheria, leseni ya macOS inaruhusu kompyuta za Apple peke yake. Psystar, kampuni iliyouza mashine kama yako, ilishtakiwa na Apple mwaka 2008, ikashindwa mahakamani mwaka uliofuata. Wewe huuzi mashine, lakini soma mikataba ya wateja wako: ukiona kifungu kinachodai programu zote ziwe na leseni halali, hapo pana mtego.

Lililo kubwa kuliko yote ni muda. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS Tahoe, toleo la 26, ndilo la mwisho kwa prosesa za Intel. Na kwa kawaida viraka vya usalama huyafikia matoleo matatu ya karibuni tu, kwa hiyo Sonoma yako haina siku nyingi. Ikishaachwa, usiifungulie benki wala barua pepe. Itumie kuhariri video tu, intaneti ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo inategemea unahariri kwa programu gani. Kama ni DaVinci Resolve, vipuri vyako bado vinafaa: weka Windows, endelea na kazi. Kama ni Final Cut Pro, hiyo haitoki nje ya vifaa vya Apple, basi anza kutenga fedha ya Mac halisi kutoka kila kazi unayolipwa. Niandikie tena unitajie programu hiyo na modeli ya madabodi yako. Umenitajia vipuri vyote ukaiacha hiyo, na ndiyo yenye vituko vingi.