Pedali moja ya sasteni kwa vinanda viwili

Umeuliza kama pedali moja ya sasteni, ile inayofanya noti ziendelee kulia ukishaachia vibonye, inaweza kugawanywa kwa vinanda viwili kwa waya wa Y, yaani waya wenye matawi mawili. Hiyo ni bahati nasibu ndugu. Pedali ni swichi tu, na kila kinanda hupeleka volti ndogo kwenye ncha ya jeki na kusoma kama imeshuka. Ukiunganisha ncha mbili, vinanda vinaanza kusomana. Zima kimoja tu uone: mara nyingi kinavuta volti ya mwenzake chini, na noti za kile kinachowaka zinaning'inia au pedali inageuka, ukikanyaga zinakatika.

Kama unajua kulehemu, tia daiodi ya 1N4148 (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila tawi la Y, ule upande wenye mstari uelekee pedali. Volti ya kinanda kimoja haitavuka kwenda kingine. Pedali ya kuachia nusu (half-damper, inayosoma umeikanyaga kiasi gani) usiiguse kabisa, hiyo haina swichi, ina ukinzani unaobadilika.

Njia safi ni midi, lugha ambayo vinanda hupashana amri. Pedali ichomeke kinanda A, kisha waya wa midi kutoka OUT ya A hadi IN ya B, chaneli iwe ile ile kwenye vyote viwili. Sasteni husafiri kama kontrola (amri ya midi isiyo noti) namba 64: 0 hadi 63 imeachwa, 64 hadi 127 imekanyagwa. Kasoro yake, noti za A nazo zitalia B. Tafuta kichujio kwenye menyu ya midi, zuia noti, acha kontrola zipite. Kama hakuna hata kinanda kimoja chenye kichujio hicho, rudi kwenye daiodi.

Na usiwashe kinanda mguu ukiwa juu ya pedali, vingi husoma aina ya swichi wakati huo.