Kabla Hujavua Gia Boksi ya Oto: Maneno kwa Fundi Anayeanza

Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu kutoa oto (gia boksi inayojibadilisha yenyewe) na kuweka manyuali (ya kubadilisha kwa mkono) kwenye pikapu ya zamani ya 4x4 huanza na swali lilelile: gia boksi ipi ni nzuri? Huwa namwambia swali hilo lisubiri. Gia boksi ni chuma kimoja tu. Kazi yenyewe iko kwenye vitu inavyovigusa: mbele inagusa injini, nyuma inagusa transfa inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, juu inatokeza sakafuni, chini inakalia krosimemba, ule mhimili unaokatiza chini ya gari, na kupitia klachi inafika hadi mguuni kwa dereva. Kila inapogusa pana kipimo, na kimoja kikikosewa gari halitoki gereji.

Kwa hiyo usinunue kipande kimoja kimoja. Tafuta gari zima la kutolea, la muundo uleule na injini ileile, lililotoka kiwandani likiwa manyuali, kisha ulivue mwenyewe. Ukivua kwa mikono yako unaona bolti ipi ndefu na ipi fupi, paipu ilipita upande gani, waya ulishikizwa wapi. Chukua flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na bolti zake, klachi nzima, uma wa klachi na kigingi chake, belihauzingi (ganda linalofunika klachi kati ya injini na gia boksi) pamoja na zile pini mbili za kulengesha, stata, seti ya pedali na bano lake, masta silinda ya upande wa pedali na slevu inayosukuma uma wa klachi, krosimemba na raba zake, transfa, propela zote mbili, mkono wa gia na raba yake ya sakafuni, hata soketi za nyaya. Mwenye gari akikwambia "pedali tutachomelea tu", kataa. Niliwahi kusimamisha gari siku kumi na moja kwa sababu ya kile kigingi cha duara kinachobeba uma wa klachi, kitu kinachoenea kiganjani, kwa kuwa nilikiona hakina maana nikakiacha kwenye gari la kutolea.

Hata ndani ya muundo mmoja, miaka haifanani. Chukua Jeep Cherokee ya kizazi cha XJ na pikapu ndugu yake, Comanche, zenye injini ya lita 4.0. Oto yake ni AW4 na manyuali inayokaa vizuri ni AX15 ya gia tano. AX15 za mwisho wa miaka ya 1980 hadi 1993 zina slevu silinda iliyofichwa ndani ya belihauzingi. Kuanzia 1994 ikahamishiwa nje. Ya ndani ikivuja, gia boksi yote inashuka. Ya nje unaibadilisha ukiwa umelala chini ya gari na spana moja mkononi. Ukiwa na uchaguzi, chukua ya nje bila kufikiri mara mbili. Transfa yake ya NP231 nayo ilitoka na meno 21 au 23 ya kuingilia, na hata urefu wa gia hiyo ya kuingilia hutofautiana. Hesabu meno kwa kidole, ukitia alama ya chaki unapoanzia. Usihesabu kwenye picha ya muuzaji.

Upande wa Toyota, Land Cruiser FJ62 zilizouzwa Marekani zilikuja na oto ya A440F peke yake, lakini familia hiyohiyo ya magari ilipata H55F ya gia tano kwenye masoko mengine. Hiyo ndiyo kazi ninayompendekezea anayeanza, kwa sababu unapita njia ambayo kiwanda kilishaipita. Ichukue H55F pamoja na transfa yake na hutahangaika kuunganisha visivyojuana.

Hesabu ya uwiano wa gia ifanyike ukiwa bado una karatasi safi mkononi. AW4 ina gia namba moja ya 2.80, AX15 ina 3.83. Gia ya chini ya NP231 ni 2.72, na Cherokee nyingi za oto zina difu ya 3.55. Zidisha: oto inakupa karibu 27, manyuali inakupa karibu 37. Kwenye mteremko wa mawe tofauti hiyo unaisikia mguuni, kwani gari linashikwa na injini badala ya breki. Lakini tahadhari, torki konveta ya oto huongeza nguvu gari linapoanza kusogea, na klachi haina msaada huo. Namba moja isiyo nzito ya kutosha itakuunguzia klachi kila ukitaka kupanda na mzigo. Kwenye gia ya tano, AX15 ina 0.79 na AW4 ina 0.75 kwenye ya nne, kwa hiyo barabarani injini itazunguka haraka zaidi kwa kama asilimia 5. Mwambie mwenye gari mapema.

Sasa njoo nyuma ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na injini, mahali ambapo nataka utulie kuliko pengine pote.

Oto inashikwa kwenye krenki kwa sahani nyembamba. Manyuali inashikwa kwa flaiwili nene. Bolti za sahani ile ni fupi, na ukizitumia kwenye flaiwili zitashika nyuzi chache tu. Zitabana, zitakudanganya, kisha zitaachia. Bolti za flaiwili ziwe za flaiwili, zifungwe kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha injini hiyo. Flaiwili nayo si yoyote inayoingia. Chevrolet V8 ya 350, mwaka 1986 ilipobadilishiwa sili ya nyuma ya krenki kuwa ya kipande kimoja, duara la bolti lilipungua kutoka inchi 3.58 hadi 3.00, na flaiwili yake ikawekewa uzito wa kusawazisha. Kwenye ile Jeep ya lita 4.0, sensa ya krenki inakaa juu ya belihauzingi na kusoma mikato iliyo kwenye flaiwili. Weka flaiwili yenye mikato tofauti na injini nzima kabisa itazungushwa na stata mpaka betri iishe bila kuwaka, nawe utaanza kufungua pampu ya mafuta isiyo na kosa.

Kisha ile beringi ndogo ya pailoti. Kichwa cha shafti ya gia boksi kinahitaji kushikwa katikati ya krenki, na kwa oto kitu hicho hakikuwapo. Ingiza kidole kwenye tundu la krenki usikie: ukuta ni laini na umekatwa kwa kipimo, au ni chuma kibichi? Krenki nyingine za oto hazikumaliziwa tundu hilo, na jambo hilo ulijue kabla hujanunua chochote. Kama gari lilikuwa manyuali zamani na beringi ya kale imeng'ang'ania, usiipige patasi. Jaza tundu grisi hadi ukingoni, tafuta fimbo inayoenea sawasawa kwenye tundu la beringi, gonga kwa nyundo. Grisi haibanwi ikapungua, kwa hiyo itapita nyuma na kuisukuma beringi nje. Mara ya kwanza nilipooneshwa nilidhani naoneshwa mazingaombwe.

Gari la kwanza nililolifanya bila mkubwa wangu kusimama karibu, nilipandisha gia boksi kwa jeki, ikaingia vizuri, kisha ikagoma. Kati ya belihauzingi na injini ilibaki nafasi ya upana wa kidole. Nilisukuma, nikatikisa, jasho likaniingia machoni. Bolti zilikuwa zinafika, basi nikaanza kubana kidogo huku na kidogo kule ili zivute. Nafasi ikapungua. Halafu nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kikavu kinachovunjika, na sikio moja la aluminiamu likaanguka kifuani kwangu likiwa na bolti yake. Nilipoteremsha kila kitu nikakuta beringi ya pailoti niliyouziwa ina tundu dogo kuliko kichwa cha shafti. Sehemu ya milimita tu. Kichwa cha shafti kilikuwa kimechubuka na klachi pleti imepinda.

Tangu siku hiyo nina mazoea mawili, nayo nakuachia. Beringi ya pailoti haiingii kwenye krenki mpaka nimeivisha kwenye shafti ya gia boksi mezani na ikazunguka kwa vidole. Na gia boksi haivutwi kwa bolti. Ikigoma, kuna sababu: pleti haikulengeshwa, shafti haijapata meno, jeki imeinama, pini ya kulengesha haipo. Weka gia ndani, zungusha shafti ya nyuma polepole huku mwenzako akisawazisha jeki, na itaingia yenyewe mpaka vyuma viwili vigusane kwa mkono. Hapo ndipo bolti zinapoanza kazi.

Zile pini mbili usizidharau. Ndizo zinazoiweka gia boksi katikati ya krenki, kwani bolti hazina uwezo huo. Ukiwa na saa ya kupimia, ifunge kwenye flaiwili, zungusha injini kwa mkono na usome duara la ndani la belihauzingi. Mafundi wengi wanashikilia kikomo cha inchi 0.005, yaani kama milimita 0.13. Zaidi ya hapo gia itatoka yenyewe, beringi italia, na utalaumu gia boksi.

Klachi pleti ina upande wa flaiwili, na mara nyingi imeandikwa. Soma. Ilengeshe kwa kifaa chake, bana preshapleti (sahani inayoikandamiza pleti) kwa zamu, nusu mzunguko kila bolti, na usiguse uso wa klachi kwa mkono wenye oili. Vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa hewa, kwani klachi za miaka hiyo zilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Ndani ya gari, pikapu nyingi zilizouzwa kwa aina zote mbili zina alama au kifuniko kwenye ukuta wa chuma mahali masta silinda ya klachi ingekaa. Toboa hapo. Mwambie mtu akanyage pedali huku wewe ukiutazama ukuta kutoka upande wa injini: ukiona chuma kinapumua, weka bamba la kuimarisha, la sivyo nusu ya safari ya pedali itapotelea kwenye kupinda kwa bati na gia zitasaga hata klachi ikiwa mpya.

Paipu za kupoza oili ya oto zinazoingia kwenye rejeta huwatisha wengi. Zitoe tu. Kipozeo kile ni chumba chake ndani ya rejeta, maji hayatatoka. Kifunike uchafu usiingie.

Kwenye umeme, swichi iliyokuwa kwenye oto ndiyo iliyoruhusu stata kufanya kazi kwenye P (kuegesha) na N (nyutro) pekee, na mara nyingi ndiyo iliyowasha taa za rivasi. Wengi huunganisha nyaya mbili za stata na kuondoka. Nakuomba usifanye hivyo. Zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili mtoto akizungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia lisiruke mbele. Taa za rivasi zihamishie kwenye swichi ya gia boksi mpya. Kama kompyuta moja inaendesha injini na oto pamoja, tafuta ya manyuali. Kwenye Jeep zile kompyuta ya AW4 iko peke yake, ndiyo maana zinafaa kujifunzia.

Oili: fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Kikigoma baada ya kumwaga, una gia boksi kavu na gari lisilokwenda popote. Soma pia daraja la oili. Gia boksi nyingi za zamani zina sinkronaiza za shaba, na zikiandikiwa GL-4, usizitilie GL-5 ya difu kwa sababu tu ndiyo iliyopo, kwa kuwa dawa za salfa na fosforasi zilizomo nyingi huila shaba.

Propela zipimwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Sehemu inayoteleza ibakiwe na kama milimita 20 hadi 25 kabla ya kugonga mwisho. Ikigonga, springi ikibanwa mara moja kwenye shimo itaivunja transfa.

Na breki ya mkono. Mwenye gari la oto amezoea kutia P na kushuka, kwa hiyo breki hiyo huenda haijashika kwa miaka. P imeondoka pamoja na gia boksi ya zamani. Kabla sijamkabidhi mtu ufunguo huliweka gari kwenye mteremko, nyutro, breki ya mkono juu, nikasimama kando nikilitazama. Likisogea hata kidogo, halitoki.

Safari ya kwanza iwe fupi. Pita gia zote polepole, kisha jaribu gia ya chini ya transfa, mbele na rivasi. Simama, lala chini na tochi, tazama maungio yote, hasa chini ya belihauzingi: tone la oili ya injini hapo ni sili ya nyuma ya krenki, na tone la oili ya gia ni sili ya shafti. Ziguse na uzinuse, harufu hazifanani kabisa. Kwa kilomita 800 za mwanzo usiburuze kitu wala kuteleza klachi mlimani, iache pleti ilaliane na flaiwili. Zikitimia, rudi chini na spana ya kipimo, pita bolti za krosimemba, za propela na za belihauzingi, moja moja.