Niache chapati niende cherehani?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 28, naishi Mbagala, watoto wawili, shule niliishia kidato cha pili nikapata mimba. Nauza wali na chapati karibu na stendi mwaka wa sita huu lakini hela haikai, kila jioni jamaa wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anapita kuchukua rejesho. Shoga yangu anasema niachane na jiko niende kozi ya cherehani, ada nikope kwa huyo huyo. Nifanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Ada ya kausha damu hapana jamani! Rejesho linaanza kesho yake na wewe hata kushona pindo hujajua, utalipa na nini na jiko umeshalifunga?

Cherehani sio mbaya ila hebu hesabu mafundi walioko mtaani kwako kwanza. Halafu wewe miaka sita yote uko jikoni, ujuzi unao, kinachokosekana ni karatasi tu. Veta, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana kitu wanaita urasimishaji ujuzi, ni kwa watu waliojifunzia kazi mtaani, wanakuhoji, wanakupima kwa vitendo, pale unapopwaya wanakunoa kidogo, ukifaulu unapewa cheti, na upishi umo. Yaani hukai darasani mwaka mzima huku watoto wanalala njaa. Ukiwa na cheti hata kantini za ofisi na hoteli unaomba kazi bila kujificha (mie nawajua mama lishe wanaopika kuliko hao wa hotelini, lakini nani atawasikiliza mikono mitupu). Kwako karibu ni Veta Chang'ombe, kaulize awamu inayofuata lini na gharama zake.

Mtaji nao upo wa halmashauri, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na haina riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Sasa shida yake ni kwamba mnakopa kama kikundi, na hapa ndo wanawake wengi wanalia, mnaokoteza majina ili idadi itimie, hela ikitoka mmoja anahamia Kigoma na simu hapokei, deni mnabaki nalo nyie. Chagua wale ambao mmecheza nao mchezo wa kupeana hela muda mrefu na hakuna aliyewahi kukimbia zamu yake.

Shule ukitaka kuendelea, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wanasimamia njia ya QT, unafanya mtihani wa maarifa halafu baadaye fomu foo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ila hiyo nisingeianza mwaka huu, deni kwanza.

Na huyo jamaa wa jioni, umebakiza shilingi ngapi kwake na mkataba mliandikishana au ni maneno tu? Niandikie hilo tena tulipigie hesabu.