Re: Redio ya Vitz inaishia 90, stesheni nyingi hazishiki
Mkuu hiyo redio nzima kabisa, usimruhusu fundi aifungue. Hizo gari za Japan FM yao inaanzia 76 mpaka 90 na huku kwetu tunatumia 87.5 mpaka 108, ndo maana unapata vile vistesheni vya chini tu. Tafuta ekspanda, kidude kidogo kinakaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kushusha masafa, kwahiyo ukichukua ya 15 (inayoshusha kwa MHz 15) ile Times FM ya Dar ya 100.5 utaikuta kwenye 85.5, hapo wengi wanadhani imefungwa vibaya 😂. Ila ya 15 mwisho wake 105, stesheni zako zikiwa juu zaidi chukua ya 20. Umeme wake fundi achukulie kwenye ACC (waya unaopata umeme ukizungusha ufunguo tu), sio betri moja kwa moja.